Siku bastola ya mjomba ilipopita mbele ya pua yangu

Msomaji wangu mpenzi, wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo. Nataka kukusimulia habari ya bastola. Si ile ya kwenye video, hapana. Ni bastola ya kweli, mpya, bado inanukia mafuta, ambayo mjomba wangu aliinunua kihalali na kuja nayo nyumbani kwetu Ngara mjini jioni moja huku akitabasamu kama bwana harusi.

Mjomba ananunua maharage. Anazunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo na noti mfukoni. Mimi ni mpwa wake niliyemaliza Kidato cha Nne na kubaki nyumbani. Ndiye dereva wake, karani wake na mbeba magunia wake, na usiku nikipata nafasi ndiyo nakuandikia wewe.

Kama umezaliwa Dar unaweza kuuliza, muuza maharage na bastola wapi na wapi? Ngoja nikupe historia kidogo. Tarehe 28 Aprili 1994, mimi sijazaliwa bado, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi wakaingia wilayani kwetu. Kambi ya Benako ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wanaokimbia kifo, na wakarudishwa kwao Desemba 1996. Warundi nao walikaa Lukole hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008. Lakini vita vya majirani zetu viliacha na bunduki. Ile AK-47 ambayo huku tunaiita SMG ikawa inazunguka mikononi mwa watu wasiojulikana, na mapori ya Biharamulo yakapata jina baya. Wazee wanasimulia jinsi mabasi yalivyosubiriana ili yaingie porini kwa msafara, askari mwenye bunduki amekaa mbele na abiria wanasali kila mtu kwa dini yake. Gogo likionekana barabarani, dereva anajua yamekwisha. Hata mwaka 2013 bado hali ilikuwa tete kiasi kwamba Serikali ilifanya Operesheni Kimbunga mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma kusaka majambazi na wahamiaji haramu.

Basi bwana, mjomba amekulia kwenye hofu hiyo. Barabara imetulia, yeye hajatulia.

Kibali hakikuja kirahisi. Alianza kwa mtendaji, akaenda kata, akaenda polisi wilayani, jina likapelekwa kwenye kamati ya ulinzi na usalama. Akaulizwa ana ugomvi na nani, anakunywa kiasi gani, silaha ataifungia wapi. Ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na kwa kweli haitaki mchezo. Mjomba alilalamika miezi mingi kwamba wanamzungusha. Mimi wakati ule nilimwonea huruma. Sasa simwonei.

Siku alipoileta aliondoa risasi zote mbele yangu, akazihesabu mezani: tano. Akanipa niishike kwa dakika moja. Nadhani hata hilo halikuwa sahihi, lakini ungekuwa wewe ungekataa?

Loh! Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni udogo. Nilitegemea lile dude la kwenye sinema, kumbe inaingia kwenye kiganja. Mtutu mfupi kama kidole. Kitako kifupi hadi kidole changu cha mwisho kikakosa pa kushika. Ni ile aina ya silinda inayozunguka, mtindo ambao Mmarekani Samuel Colt aliupatia hataza kwao mwaka 1836. Hizi fupi za risasi tano zilipata umaarufu mkubwa baada ya kampuni ya Smith & Wesson kutoa yake mwaka 1950. Wakuu wa polisi wa Marekani ndio walioipigia kura jina, ikaitwa Chiefs Special. Lengo ni kuificha chini ya koti au shati mtu asijue unayo.

Cha pili ni ule ugumu wa kifyatulio. Mjomba alinieleza, na alijivuna kana kwamba ameitengeneza mwenyewe. Ukivuta, kidole chako kinafanya kazi mbili: kinazungusha silinda ili risasi ije mbele ya mtutu, na wakati huohuo kinaivuta nyuma ile nyundo. Ndiyo maana ni mvuto mrefu na mzito. Nyundo ikifika mwisho inarudi kwa kasi, na hapo mchezo umekwisha. Kwa hiyo ukiwa karibu, kabla haijalia, unaiona. Silinda inazunguka taratibu na nyundo inanyanyuka. Naomba ulikumbuke hilo, msomaji wangu.

Cha tatu, na hiki naona aibu kukisema, ni raha. Nilijiangalia kwenye kioo cha kabati nikajiona mwanamume. Dakika moja tu, kijana asiye na kazi wala mchumba, nikajiona mtu wa kuogopwa.

Mjomba yeye akaanza kubadilika. Mtu aliyekuwa anasinzia kwenye pikapu kutoka Ngara hadi Nyakanazi, sasa macho kodo. Pikipiki ikitupita anaigeukia. Mtu akimsalimia kijiweni, kabla ya kuitikia anamwangalia mikono. Bia mbili zake za jioni akaziacha, hilo nalisifu, lakini na utani wake ukaondoka nazo. Kila baada ya dakika chache mkono unakwenda kiunoni kuhakikisha shati limefunika. Mama mkwe wake alipokuja kulala kwetu, mjomba alioga na bastola imefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya dirisha la bafu. Tulicheka, yeye hakucheka.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Siku hiyo tulitoka Biharamulo mjini tumechelewa. Mzigo wa maharage nyuma, fedha zilizobaki zimo kwenye mfuko mweusi wa kitambaa. Tulisimama Lusahunga kwa mama ntilie tukala wali haraka haraka, maana jua lilikuwa linakwenda kuzama. Wakati wa kuinuka mjomba alikuwa anahangaika na shati lake, kitu kilikuwa kimesogea kiunoni na kulikuwa na watu. Akajifunika, tukaondoka.

Tulipoacha nyumba za mwisho na pori kuanza, taa moja kali ikaonekana nyuma yetu. Pikipiki. Nikaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Inapiga honi, inawasha na kuzima taa. Mjomba akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Usisimame." Sikusimama. Mlima ukanipunguzia mwendo, mzigo ulikuwa mzito, na pikipiki ikatoka nyuma ikaja ubavuni, upande wangu wa dereva.

Mkono wa mjomba ukapita mbele ya uso wangu. Ule mtutu mfupi kama kidole ukawa unaangalia nje ya dirisha langu lililo wazi. Taa ya pikipiki iliangaza mle ndani kama mchana. Na hapo, sentimita chache kutoka kwenye pua yangu, nikaiona silinda inaanza kuzunguka. Nyundo inanyanyuka.

Sikufikiri kitu. Nilimpiga mkono wa juu kwa kiwiko, nikakanyaga breki. Tukayumba, gari likazima barabarani. Kukawa kimya. Kisha nikasikia sauti ya kijana, nyembamba, inahema:

"Shikamoo wazee! Mmeacha mfuko pale kwa mama ntilie!"

Alikuwa ameushika juu kwa mkono mmoja. Ule mfuko mweusi. Fedha zote. Mjomba aliilinda bastola yake hadi akasahau fedha ambazo bastola ilinunuliwa kuzilinda.

Giza lilikuwa limetusaidia, au ile taa yake ilimpiga mwenyewe, sijui. Hakuiona. Mjomba alishuka akashindwa kusimama vizuri, akaegemea mlango. Akampa elfu hamsini, kijana akakataa, tukamlazimisha. Akashukuru, akageuza, akarudi zake Lusahunga akipiga mluzi. Nakadiria ana miaka kumi na tisa.

Hadi Benako hatukusema neno. Tulipoanza kuikaribia Ngara, mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, ungechelewa kidogo tu, leo ningekuwa nimeua mtoto wa watu aliyeniletea hela zangu." Akalia. Sikuwahi kumwona mjomba akilia, hata msibani kwa bibi.

Msomaji wangu, sikuambii kwamba silaha ni haramu. Wapo wanaozihitaji, na wapo waliozitunza miaka ishirini bila kasheshe. Ila nakuambia nilichokiona. Jambazi wa hadithi za porini anakuja na wenzake na SMG. Risasi zako tano zingemfanya nini? Yule hajatutokea hata siku moja. Aliyetutokea ni mtu mwema mwenye haraka, na kwa mtu kama huyo tano zilikuwa nyingi mno. Ndiyo maana nasema yale maswali yote ya mtendaji na kamati siyaonei uchungu tena. Waulize tu, na waongeze.

Siku hizi bastola imefungiwa kwenye kasha la chuma, ufunguo anao mwenyewe, na ameanza kuulizia polisi utaratibu wa kuirudisha. Safari zetu ni za asubuhi, na wakulima waliokuwa wanakataa malipo ya simu wanaanza kuzoea mmoja mmoja. Mjomba amerudia kusinzia kwenye pikapu. Anakoroma, na mimi nafurahi kweli.

Yule kijana tunaonana karibu kila wiki. Ananiita kaka, ananiulizia mjomba, na mjomba hapiti Lusahunga bila kumnunulia soda. Anafikiri ni kwa sababu ya mfuko. Nimeshindwa kumwambia. Labda leo ameazima gazeti hili kijiweni na amefika hadi hapa.

Mdogo wangu, kama ni wewe, tusamehe.