Mabingwa wa Redio

Tanzania Bara ilikuwa na mshika rekodi ya dunia miaka 20 kabla haijawa na televisheni. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishinda mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Televisheni huku Bara ilianza 1994. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo nilipokulia, Dodoma, kwenye nyumba za reli, na kila nilichokijua kuhusu michezo ya kimataifa kiliingilia masikioni.

Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Waliotoka huko walitusimulia tukawa tunaitikia tu. Huku Bara serikali iliiona ni anasa ya watu wa mjini. Sibishani na uamuzi ule. Kwenye ukame wa Ugogo, mtu akikwambia kisima kwanza, televisheni baadaye, utamjibu nini?

Redio yetu ilikuwa National, iliyoundwa Dar es Salaam. Betri zikichoka, mama alizianika juani karibu na majani ya mlenda, na jioni zilikuwa na nguvu ya kutosha taarifa ya habari na labda michezo, kama hakuna aliyezimaliza kwa muziki. Ndivyo tulivyompata Bayi. Gazeti la Uhuru lilikuja baadaye kwa treni, na picha yake ikapita mikono mingi mpaka sura ikafutika.

Tulichoambiwa ni kwamba aliongoza tangu bunduki ilipolia mpaka utepe, na kwamba John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyumbani kwao, alimfukuza asimpate. Mengine tulijaza wenyewe. Katika masimulizi ya mtaa wetu Walker alikuwa nyuma umbali wa kutoka stesheni hadi soko la Majengo, na kaka yangu alikuwa akitimka kwenye vumbi huku akigeuka kumcheka. Miaka mingi baadaye nilizipata mbio zile kwenye simu nikampelekea kaka aone. Walker yuko pale pale mgongoni, naye pia ameivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Kaka alitazama, akarudia, akasema mkanda umekatwa. Hajaibadili kauli hiyo mpaka leo.

Olimpiki ya Montreal 1976 hatukwenda. Nchi nyingi za Afrika zilisusa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kisha ikaja Moscow. Februari 1980 Marekani ilimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam atushawishi tususe tena. Mwalimu Nyerere hakukubali hata kuonana naye. Kwa sisi vijana lilikuwa jambo zito: Ali yuko nchini, na Rais hana nafasi! Timu ikaenda, Bayi akarudi na fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5000. Ni medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, na sijakutana na mtu wa Dodoma aliyeziona zikivalishwa.

Linaloniuma zaidi ni la Juma Ikangaa, kwa kuwa yule ni mzaliwa wa Dodoma. Oktoba 1982, Brisbane, Michezo ya Jumuiya ya Madola tena, yeye na Gidamis Shahanga waliwaacha wenzao kwenye marathoni. Robert de Castella, mwenyeji, akaanza kuwafuata polepole, akampita Shahanga, akamfikia Ikangaa. Mwishoni walipokezana uongozi, huyu akipita, yule akirudisha, mpaka de Castella akamaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Waaustralia waliziona mbio zile kwenye televisheni na wanazitaja mpaka leo. Sisi, watu wa nyumbani kwake, tulipata sentensi moja ya redio: Ikangaa wa pili. Sentensi hiyo haikubeba kule kupokezana. Baadhi ya wazee wa stesheni walisikitika kwamba kijana amezidiwa, kumbe alikuwa amekimbia mojawapo ya marathoni kali kupita zote za wakati ule.

Na John Stephen Akhwari je? Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, aliingia uwanjani usiku umeshaanza, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kamera zilikuwepo. Jibu lake, kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio bali azimalize, likazunguka dunia. Mimi nilimwona akichechemea nikiwa tayari na mvi.

Televisheni ilipofika Dar es Salaam, Dodoma tulisubiri. Kwanza yalikuja madishi, kwenye hoteli na baa za wenye uwezo, na ilisaidia kwamba waheshimiwa wabunge wakija vikaoni hawakutaka kukosa taarifa ya habari. Sydney 2000 niliiona hivyo. Saa za kule ziko mbele yetu sana, kwa hiyo fainali za usiku wao zilitufikia mchana, na ofisi kadhaa, pamoja na yangu, zilipungukiwa watu. Jumatatu ile Haile Gebrselassie na Paul Tergat walipomaliza mita 10,000 wakiachana kwa sekunde 0.09, baa nzima ilisimama. Nilipiga kelele kama wote. Kisha nikatambua kwamba nashangilia majirani. Picha zilikuwa zimefika wakati mabingwa wetu wamestaafu.

Vibanda umiza navyo vikaingia kazini. Mtangazaji wa Kiingereza alipowachosha watu, sauti ilipunguzwa, na kijana mmoja mwenye mdomo akasimama kando ya runinga akatangaza mwenyewe kwa Kiswahili. Wanariadha asiowajua aliwabatiza palepale. Mpaka leo sijasikia utangazaji wa riadha uliokuwa mtamu kuliko ule.

Ufunguzi wa Beijing uliangukia tarehe 8 Agosti 2008, Nanenane yenyewe, tisa alasiri. Nilitoka viwanja vya Nzuguni mapema niione bendera yetu. Watu walidhani wana muda mpaka T ifike. Wachina wakapanga nchi kwa idadi ya mistari ya herufi zao, na hakuna aliyejua zamu yetu ni lini. Waliotoka kununua mishikaki ndio walioikosa.

Rio 2016, mwezi mmoja tu baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, Alphonce Simbu wa Singida alishika nafasi ya tano kwenye marathoni. Kamera zilikaa na Eliud Kipchoge. Simbu tulimvizia nyuma ya picha.

Septemba 2025 kamera hazikuwa na pa kukimbilia. Yalikuwa Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, na kwetu ilikuwa tisa usiku imepita. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakifukuzana, wote wakaandikiwa 2:09:48, na ikabidi picha ya utepeni iamue: Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Asubuhi, kijiweni, bodaboda walikuwa wanairudisha video nyuma, wanaisimamisha, wanaikuza kwa vidole, wakigombana mguu wa nani ulitangulia, ilhali kwenye riadha kinachoangaliwa ni kifua.