Kuvuka Bahari kwa Ajili ya Krismasi

Mdogo wangu ameolewa Unguja, na mwaka huu wakwe zake wamekubali kuja kula Krismasi kwetu Kibosho. Mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, hatufundishwi na mtu. Taabu ni kwamba kaka zangu walikwishaamua kuwe na "chakula cha Kihindi", na kila mmoja alikuwa na chake kichwani: huyu biriani, yule kuku wa nazi, wa tatu sambusa tu zinamtosha. Nikatumwa mimi kwa mavyaa wa mdogo wangu, nikapange naye. Nilikuwa sijawahi kuvuka bahari.

Basi la Moshi hadi Dar tuliache. Boti huchukua kama saa mbili, na kule katikati, inapoanza kupanda na kushuka, wahudumu hupita wakigawa mifuko. Wangu niliurudisha mkavu, na naomba hilo liandikwe.

Ukitoka bandarini, hatua chache tu unakutana na Zahanati Kongwe na roshani zake za mbao zilizotiwa nakshi. Aliyeanza kuijenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kwetu tumezoea kumwona Mhindi nyuma ya kaunta. Hapa alijenga, akazika wazee wake, na sufuria yake ikakutana na nazi.

Asubuhi tukaenda Darajani, soko la tangu 1904. Mavyaa huyo namwita Mama, naye ananiita mwanangu. Hanunui kwa macho. Iliki aliipasua kwa kucha: punje zikiwa nyeusi na zinanata, anachukua, zikiwa zimepauka, anarudisha bila neno. Karafuu aliibinya mpaka ikatoa mafuta. Nilipoinua pakiti ya bizari iliyosagwa, akanishika mkono.

"Hiyo wacha, mwanangu. Hujui imesagwa na nini."

Mchana tulikula urojo: rojo la manjano lenye uchachu wa embe mbichi na ndimu, ndani yake viazi, bajia za dengu, kachori na vipande vya mishkaki, juu chatne ya nazi na mihogo iliyokatwa nyembamba ikakaangwa. Gujarati na Unguja wamo katika bakuli moja, na sidhani kama kuna anayeweza kuwatenga. Sikumaliza bakuli kabla ya kujua wageni wetu watafungulia nini.

Lakini biriani ndiyo iliyonipa akili ya sikukuu. Kule Hyderabad nyama na mchele ulioiva nusu hupangwa tabaka kwa tabaka katika chungu kimoja, mfuniko ukazibwa kwa unga uliokandwa, vikaivia humo humo. Moto ukizidi, umeharibu chungu kizima. Unguja wamevitenga: masala kivyake, wali kivyake, vinakutana kwenye sinia. Mama alikaanga vitunguu hadi vikawa vya kahawia na vikavu, akavivunjavunja kwa mkono. Nyama ilikuwa imelala na mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi lililopondwa, ambalo hulainisha hata beberu mzee. Masala ikilala usiku mmoja huzidi utamu. Kwa mwenye wageni 40 na misa ya asubuhi, hilo si jambo dogo: tarehe 24 unamaliza masala, tarehe 25 unabaki na wali.

Kuku wa nazi tumemwacha, hata kaka yangu akinuna. Tui zito hutiwa mwishoni na husimamiwa lisikatike, na siku ya Krismasi hakuna mwenye nafasi ya kusimamia sufuria.

Kachori ndizo zilizonifurahisha zaidi. Za Unguja ni viazi vilivyopondwa kwa ndimu, pilipili na thomu, vikaviringwa, vikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu na kukaangwa. Nikakumbuka kwamba kule Gujarati wafuasi wa dini ya Jaini hawali viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na vijidudu vya udongoni. Mahali pa viazi hutumia ndizi mbichi. Ndizi! Kibosho tunazo hadi mlangoni. Tulichemsha mkungu mdogo na maganda yake, tukaponda, tukakaanga. Zilishikana vizuri na hazikunywa mafuta. Mama alikula ya pili bila kuulizwa.

Jambo moja hakulisema yeye. Mdogo wangu ndiye aliyenivuta pembeni. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, na sufuria zilizowahi kupika kitimoto zisionekane jikoni. Kwa hiyo sufuria tutakodi mjini, kwa mtu anayepikia shughuli za Waislamu. Mbege itanywewa nyuma, migombani. Babu amekubali kwa shingo upande.

Meza imekwisha kupangwa: urojo kwanza, kachori za ndizi, biriani ya mbuzi na kachumbari, mtori na machalari kwa asiyeshiba wali. Usiku wa mwisho nilipendekeza tutie iliki kidogo kwenye mtori. Mama, ambaye hajauonja bado, akauliza huo mtori kwetu hupikiwa nani hasa. Nikamwambia, mzazi aliyetoka kujifungua.

"Basi uacheni."

Mtori utapikwa bila iliki.