Call off: herufi tatu nilizoziruka

Haya jamani, leo naungama.

Kuna wenzangu wakikosea kazini husingizia mtambo, husingizia umeme, wengine husingizia "makosa ya uchapaji". Kosa langu mimi halikuwa la mtambo. Lilikuwa la herufi tatu: o, f, f. Niliziona kwa macho yangu, zimekaa vizuri kwenye karatasi, nikaziruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji Kariakoo.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini, dawati la habari la redio, zamu ya jioni. Siku yenyewe Ijumaa. Zimebaki dakika kama kumi kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, studio wananiita, na mezani kwangu inadondoshwa taarifa fupi ya chama cha wahadhiri wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kimombo kitupu, kama ilivyo kawaida ya wasomi wetu. Kwa kifupi ilisema kwamba mgomo uliopangwa kuanza Jumatatu umekuwa "called off".

Macho yangu yakashika neno la mgomo, yakashika Jumatatu, yakashika "called". Nikaandika chapchap: "Wahadhiri wameitisha mgomo kuanzia Jumatatu." Msomaji wa habari akaisoma kwa ile sauti yake nzito ya kuaminika. Mimi nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Jumamosi asubuhi simu ya chumba cha habari ikaita. Kiongozi wa wahadhiri yuko hewani, anauliza ni nani kawaambia wanagoma. Mhariri wangu hakufoka. Alitafuta ile karatasi, akachukua kalamu nyekundu, akazungushia duara neno "off", kisha akanisogezea. "Hili ulilikanyaga au ulilikwepa?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule tukasoma masahihisho. Sekunde nane hivi. Nikadhani yameisha.

Jumatatu jioni shangazi akapiga simu kutoka Iringa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi mgomo wenu umeishia wapi?"

Nikahisi tumbo linashuka. Mwanawe, yaani binamu yangu, alikuwa anasoma chuo hicho hicho. Alikuwa amekwenda nyumbani mapumziko mafupi na alitakiwa apande basi Jumapili alfajiri kurudi Dar. Ijumaa usiku walikuwa wote sebuleni, redio inaongea. Jumamosi usiku, wakati sisi tunasoma masahihisho, mtaani kwao umeme ulikuwa umekatika. Jumatatu asubuhi mwenzake wa chuoni akampigia: "Uko wapi wewe? Tunaingia kwenye testi!"

Testi ile ilikuwa na alama zinazoingia kwenye matokeo ya mwisho. Alipofika Dar akaenda kwa mhadhiri kujieleza. Mhadhiri akamuuliza ana cheti cha daktari? Hana. Ana msiba? Hana. Ana nini basi? Ana redio. Mhadhiri akacheka, na habari ikaishia hapo. Somo lile alilirudia mwaka uliofuata, na ada ya kurudia aliilipa shangazi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile kwenye simu shangazi alisema maneno machache tu. "Begi lake lilikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemwambia alirudishe ndani. Nikamwambia, kaka yako kazini kwao wametangaza, unapoteza nauli ya nini?" Halafu akanyamaza kidogo. "Sisi huku Kiingereza hatujui, mwanangu. Ndiyo maana tunawasikiliza ninyi."

Ndugu msomaji, nimesemwa na wahariri, nimesemwa na wanasiasa. Hakuna maneno yaliyowahi kunikaa kama yale.

Sasa tuliangalie hili lidubwana lenyewe.

Sekondari mwalimu alituandikia ubaoni orodha ndefu ya vitenzi vya namna hii: kitenzi kifupi, halafu kijineno nyuma yake. Tukavikariri kama majina ya milima. Kwenye jaribio nilipata nane kati ya kumi, nikajiona Mwingereza. Tatizo la kukariri ni kwamba unajifunza orodha, hujifunzi tabia. Na tabia ya vitenzi hivi ni moja: maana iko mkiani.

Ajabu ni kwamba sisi Waswahili tulipaswa kuielewa tabia hiyo mapema kuliko mtu yeyote, maana ni ya kwetu. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Mtu akisoma "fung-" akakimbia bila kutazama mwisho, hajui kama mlango uko wazi au una komeo. Sisi mkia tunaushonea kwenye kitenzi chenyewe. Mwingereza anauacha unaning'inia pembeni kama neno linalojitegemea, na ndiyo maana mtu mwenye haraka anauona kama takataka.

"Call a strike" ni kuitisha mgomo. "Call off a strike" ni kuusitisha, kuufuta, usiwepo tena. Na hapo Kiswahili nacho kimetega mtego wake: kuitisha na kusitisha zimeachana kwa herufi moja! Moja inatokana na kuita, nyingine na kusita. Mhariri akipitiwa, au msomaji wa habari akiteleza ulimi, watu wanabaki majumbani.

Kuna namna ya kulikumbuka. Waingereza wana usemi wa "call off the dogs", yaani waite mbwa wako warudi, waache kumfukuza mtu. Picha hiyo ndiyo ninayoitumia. Jambo lilikuwa limeshafunguliwa linakwenda, mwenye mamlaka nalo analiita lirudi. Ndiyo maana mvua haiwezi "call off" mechi. Mwamuzi ndiye anayeifuta kwa sababu ya mvua. Ukiliona neno hili, tafuta mwenye mbwa ni nani. Kama taarifa haimtaji, una swali la kuuliza kabla hujaandika.

Mtego wa pili ni jirani yake, "put off". Huyu ni kuahirisha. Wengi tunawachanganya, na nakiri kwamba hata baada ya aibu ile niliendelea kuwachanganya kwa muda. Aliyenifungua macho si mwalimu, ni kamati ya harusi. Unaijua ile hali: umeshachanga, jina lako liko kwenye daftari la mweka hazina, mara inakuja habari kwamba harusi haipo. Swali la kwanza la kila mjumbe ni lipi? Haipo tarehe ile, au haipo kabisa? Kama ni "put off", mchango wako unabaki kwa mweka hazina, usubiri tarehe mpya. Kama ni "call off", una haki ya kwenda kudai chako (kama kitapatikana, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine). Tofauti ya maneno haya mawili ni hela yako.

Mwaka 2020 dunia nzima ilifundishwa somo hili. Machi 24 ikatangazwa kwamba Olimpiki ya Tokyo haitafanyika mwaka ule, ikasogezwa hadi 2021, na kweli ikafanyika Julai na Agosti mwaka huo. Hiyo ni "put off". Wiki moja baadaye, Aprili 1, Wimbledon nao wakatangaza kwamba mashindano yao ya tenisi ya 2020 hayapo. Hayakusogezwa kokote. Yalifutwa, kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Hiyo ni "call off". Ugonjwa ule ule, wiki zile zile, maneno mawili tofauti. Na Tokyo hiyo hiyo ilikuwa na kovu la zamani, kwani Olimpiki ya 1940 ilipangwa iwe kwao, vita ikaja, michezo ikafutwa moja kwa moja.

Hapa nyumbani tunayo mifano yetu. CHAN, ile ya Tanzania, Kenya na Uganda, ilikuwa ianze Februari 2025 ikasogezwa hadi Agosti. Imeahirishwa, tukaisubiri, tukaiona. Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe, ikaja kuchezwa Juni 25. Siku ile ya Machi kulikuwa na watu waliosafiri kutoka mikoani na jezi zao mgongoni. Ukimwambia mtu huyo mechi "imefutwa" wakati "imeahirishwa", au kinyume chake, hujakosea sarufi. Umemharibia bajeti.

Na kuna mahali ambapo si jezi wala bajeti tena. Jirani zetu Kenya walikuwa na mgomo wa madaktari wa hospitali za umma ulioanza Desemba 5, 2016 ukamalizika Machi 14, 2017. Siku mia moja. Mfikirie mtu mwenye mgonjwa ndani, anasikiliza redio kila jioni apate neno moja tu: waende hospitali au wasiende? Mtu wa namna hiyo hana muda na umombo wako. Anataka kujua kesho mlango uko wazi.

Nirudi kwenye sarufi kidogo, msinikimbie. Kijineno hiki kinaweza kuhama. Unaweza kusema "call off the strike", unaweza kusema "call the strike off", zote sawa. Lakini ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "call it off". Ukisema "call off it" Mwingereza atakuelewa, ila atajua umetoka mbali. Usiumie kichwa. Sisi nasi tunafanya hivyo hivyo. Tunasema "wameufuta", na ile "u" ya mgomo inakaa katikati, kabla ya mzizi wa kitenzi. Ukiona "it" katikati, sema moyoni "wame-u-futa", utakaa sawa.

Athari ya uhamaji huo kwa sisi watu wa haraka ni kubwa. Sentensi ikiwa ndefu, "called" inaweza kuwa huku na "off" kule mbele, katikati limepita jina la mgomo lenye maneno sita. Kwa hiyo ukiona "call", usisimame. Soma mpaka nukta.

Na tafadhali usijidanganye kwamba ukishaijua "off" moja umezijua zote. Chukua "go off". Kengele ya hatari iki-"go off" inalia. Umeme uki-"go off" unakatika. Maziwa yaki-"go off" yanachacha. Bomu liki-"go off"... kimbia. Maneno mawili yale yale, na Kiswahili kinadai vitenzi vinne. Kimoja kinaanza, kingine kinakoma, kingine kinaharibika. Mkia peke yake hautoshi. Unatazama mkia, halafu unatazama ni mnyama gani anayeutingisha.

Sasa mnaniuliza nafanyaje siku hizi. Nina kanuni moja, haina ufundi wowote. Kabla sijatafsiri taarifa yoyote najiuliza: kesho asubuhi mtu afanye nini? Nikipata jibu, hilo ndilo ninaloliandika. Siandiki tena "mgomo umesitishwa" nikaishia hapo, maana hata "kusitishwa" kuna wanaoielewa kwamba ni kwa muda tu. Naandika: "Wahadhiri hawatagoma. Masomo yanaendelea Jumatatu kama kawaida." Hakuna atakayerudisha begi ndani kwa sentensi hiyo. Na nikishindwa kujibu swali la kesho asubuhi, najua sijaelewa Kiingereza chake, hata kama kila neno nalijua. Hapo napiga simu kwa aliyeitoa taarifa. Dakika moja ya simu ni nafuu kuliko mwaka mzima wa mtoto wa mtu.

Zamani nilidhani kujua Kiingereza ni kwa ajili yangu. Kazi nzuri, mahojiano bila kigugumizi, kuchekesha mabalozi kwenye hafla. Shangazi alinionyesha kwamba kwenye kazi hii Kiingereza changu si changu peke yangu. Kuna nyumba nyingi zinakitumia bila kukiona. Wanakaa sebuleni, wanaongeza sauti ya redio, wanapanga safari zao juu yake. Nikiruka herufi tatu, wao ndio wanaoanguka.

Binamu yangu alimaliza chuo, ana kazi yake, na ada ile nilimrudishia shangazi kidogo kidogo. Yeye hakuwahi kuidai. Dogo hajasahau, lakini. Kila tukikutana, kabla hata ya salamu: "Kaka, vipi, kesho kuna mgomo?"

Nacheka. Halafu nikirudi kazini nasoma karatasi mara mbili.

Wewe je, ni neno gani la Kimombo lililowahi kukuingiza mjini? Usione aibu. Mimi nimeshaanza.