Likasi: Imprimanti ya wifi haili mega

Katika parsele nyingi za Kikula, Panda na katikati ya mji wa Likasi, imprimanti imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na mwenye nyumba anatoka na flashi mfukoni kwenda kutoa karatasi kwenye sekretariati ya barabarani. Ukimwuliza sababu, jibu ni lile lile: mashine hii ni ya wifi, itamaliza mega.

Hofu hiyo imewagharimu watu pesa bure. Wifi na intaneti ni vitu viwili. Wifi ni njia ya ndani ya nyumba: inaunganisha ordinateri, simu na imprimanti kwa mawimbi ya redio, kama vile majirani wanavyoongea juu ya ukuta bila kutia yuniti. Intaneti ndiyo barabara inayotoka nje ya parsele. Karatasi inayotoka kwenye ordinateri kwenda kwenye imprimanti inapita ndani ya modemu na kuishia pale pale. Hata kama forfe ya intaneti iliisha juzi, karatasi itatoka.

Kweli, kuna mahali mega zinapotumika. Siku ya kwanza ordinateri inaweza kuhitaji kutafuta kwenye intaneti programu ya kuendesha imprimanti. Tena ordinateri ya Windows ikikuta tu wifi yenye intaneti, inaanza kuvuta mabadiliko yake yenyewe, na hapo mega zinayeyuka, halafu lawama inaangukia imprimanti. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya wifi ile na kuiwekea alama ya « connexion limitée ». Baada ya hapo Windows inapunguza sana kuvuta vitu vyake.

Mambo haya yalifika nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kikula mwaka wa 2025. Alikuwa amepokea familia ya mdogo wake iliyotoka Bukavu, baada ya M23 kuingia mji ule katikati ya mwezi wa pili. Mama na watoto walipitia Uvira, wakavuka Tanganyika kwa boti hadi Kalemie, wakafika Likasi na mifuko miwili. Karatasi zote zilibaki Bukavu kwa bibi yao: bulteni za shule, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya uchaguzi ya baba. Binti mkubwa alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na shule iliomba kuona bulteni za miaka iliyopita kabla ya kumwandikisha.

Bibi alipiga picha karatasi moja moja, akazituma kwa WhatsApp. Kilichobaki ni kuzitoa kwenye karatasi. Lakini mama alikataa kwenda sekretariati. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ifikiriwe na kila mtu wa mji huu. Kwenye sekretariati unatuma picha zako kwa namba ya mwenye mashine, au unachomeka flashi, na kopi inabaki pale, katika simu au ordinateri ya mtu usiyemjua. Kadi ya uchaguzi ina jina, adresi na asili ya mtu. Kwa aliyekimbia vita, hayo si maneno ya kuacha kwa mpita njia. Wazee wa Likasi wanakumbuka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilipojaa kwenye stesheni ya treni zikingojea kuondoka. Wanajua asili ya mtu inaweza kumletea nini.

Basi mwalimu alifunua imprimanti yake. Ilikuwa imenunuliwa Lubumbashi kwa mkono wa pili, na haijawahi kuandika hata herufi moja ndani ya nyumba ile. Kazi akapewa mpwa wake, mwanafunzi wa chuo kikuu.

Shida ya kwanza: mashine ilikuwa bado inatafuta wifi ya mwenye wa zamani. Ilibidi aingie katika menyu yake na kufuta mipangilio ya mtandao. Wengi wanaonunua mashine iliyotumika wanaruka hatua hii, kisha wanasema wameuziwa kitu kibovu.

Ya pili ilimchukua mchana mzima. Imprimanti ilionyesha wifi za majirani, lakini ya nyumbani haikuiona. Modemu nyingi za sasa zinatuma kwa mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, na imprimanti nyingi za bei ndogo zinasikia 2.4 peke yake. Modemu ya mwalimu ilikuwa imewekwa kwenye 5. Kijana aliingia katika ukurasa wa modemu, akafungua 2.4, na jina la wifi likatokea mara moja. Hapo akaandika neno la siri kwa vishale, herufi baada ya herufi, na mara mbili akasahau kwamba herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Kama modemu na imprimanti zote zina kibonyezo cha WPS, kazi inakuwa fupi: unabonyeza cha modemu, na kabla ya dakika 2 kuisha unabonyeza cha imprimanti, vinajuana bila neno la siri.

Kwenye ordinateri aliingia katika « Imprimantes et scanners », akabonyeza kuongeza kifaa, akachagua jina la mashine. Ukurasa wa majaribio ukatoka. Nyumba nzima ilikuja kuangalia.

Usiku delestaji ikapita. Kesho yake umeme uliporudi, ordinateri iliandika « hors connexion ».

“Papa, mashine yako imekufa?” mwalimu akamwuliza mpwa wake.

“Hapana, mama. Iko mzima. Imehama adresi tu.”

“Basi ni kama sisi,” akasema mgeni wa Bukavu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kifaa kinachoingia kwenye wifi kinapewa na modemu namba yake, inayoitwa adresi IP. Umeme ukikatika na kurudi, modemu inagawa namba upya, na imprimanti inaweza kuamka na namba nyingine. Ordinateri inaendelea kutuma kwenye ile ya zamani, kama mtu anayeandika Jadotville juu ya bahasha wakati mji uliitwa Likasi toka 1966. Katika mji huu, ambao hauko mbali na bwawa la Mwadingusha linalotoa umeme toka 1930 na bado unalala gizani usiku mwingine, jambo hili litarudi kila juma. Dawa ni kuingia tena kwenye ukurasa wa modemu na kuiambia iiwekee imprimanti namba moja isiyobadilika. Namba yenyewe inaonekana kwenye karatasi ya habari za mtandao ambayo mashine inaweza kuitoa kutoka menyu yake. Kijana alifanya hivyo, na delestaji zilizofuata hazikuharibu kitu.

Umeme una hatari nyingine. Imprimanti ya wino ikizimwa kwa kibonyezo, inarudisha kichwa chake mahali pake na kukifunika. Umeme ukikatwa ghafla, au mtu akichomoa waya, kichwa kinabaki wazi na wino unakauka juu yake. Mashine za lezeri hazina shida hiyo, lakini zinavuta umeme mwingi zinapopata moto. Msizichomeke kwenye betri ndogo ya nyumbani.

Nyumba isiyo na modemu isikate tamaa. Simu nyingi za Android zinaweza kugawa wifi hata bila forfe: imprimanti na ordinateri zikiingia kwenye wifi ya simu ile ile, zinaonana. Imprimanti nyingi pia zina Wi-Fi Direct, yaani zinatoa wifi yao zenyewe na simu inaungana nazo moja kwa moja. iPhone zinaweza kuandika hivyo toka AirPrint ilipotoka mwaka wa 2010. Kwa Android kuna programu ya Mopria, na simu nyingi tayari zina kitu kama hicho ndani yake.

Njia ya Wi-Fi Direct ndiyo iliyosaidia majirani walipoanza kuja, kwa maana habari ya imprimanti ilitembea haraka kwenye avenyu. Kijana alikuwa amewafungulia wifi ya wageni, na simu zao hazikuiona mashine hata kidogo. Si ubovu: wifi ya wageni kwa kawaida inatenganishwa na vifaa vya nyumba, ili mgeni asichungulie ordinateri ya mwenyeji. Mwalimu alisema iachwe hivyo. Kila mtu aungane na imprimanti kwa simu yake mwenyewe, atoe karatasi yake, aende. Hakuna picha ya mtu inayopita kwenye ordinateri ya nyumba.

Karatasi za binti zilikuwa 9. Mkuu wa shule alizipokea kwa muda, akasema atataka kuona zile zenyewe njia ya Bukavu ikifunguka. Mama alizitia ndani ya plastiki pamoja na kopi ya kadi ya mume wake. Kisha akarudi kwa kijana, akamwomba afute picha zake kwenye ordinateri, kwa kuwa zile zilipitia huko kabla ya majirani kuja. Kijana akazifuta mbele yake. Mama akauliza kama pipa la takataka la ordinateri nalo linafutwa, na kijana akalifuta pia.