Nguvu za Kukopa

Jina "kinywaji cha kuongeza nguvu" lanitatiza mimi mwalimu wa lugha. Hapa Kampala waendesha bodaboda, na wanafunzi wanaokesha kabla ya mitihani, huliamini, wakanywa chupa baada ya chupa. Je, ni nguvu gani hizo?

Sukari iliyomo hulisha mwili kwa kitambo kidogo, lakini kinachomkesheza kijana ni kafeini. Mtu akiwa macho, ubongoni mwake hukusanyika kemikali iitwayo adenosini, ambayo huuarifu mwili kwamba umechoka. Kafeini huzuia habari hiyo isifike. Uchovu haukuondoka, umezibwa mdomo tu, na moyo wahimizwa uendelee na kazi.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watu 34 wenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Baada ya kunywa karibu lita moja ya vinywaji hivyo, shinikizo lao la damu lilipanda, na mwendo wa umeme wa moyo ukabadilika kwa muda wa saa nne. Huenda wengi wasidhurike. Lakini kijana mwenye hitilafu ya moyo asiyoijua aweza kupatwa na mapigo ya kwenda mrama, nayo yaweza kuua.

Kwa hiyo darasani mwangu nasema "kinywaji cha kukeshea". Wanafunzi hucheka, kisha huuliza sababu, nami huwaeleza habari za moyo. Walimu wenzangu, mwaonaje?