Nani Anafundisha Dawati la Nyuma?

Walimu wengi tumezoea kukaguliwa kuliko kutazamwa. Mkaguzi, ambaye siku hizi anaitwa mthibiti ubora wa shule, akiingia darasani anaomba andalio la somo na azimio la kazi, anakaa nyuma, anajaza fomu, anaondoka. Hata awe mpole namna gani, siku hiyo mwalimu anafundisha kama mwigizaji aliyeambiwa mgeni rasmi kafika. Sauti inapanda, chati zinabandikwa, na swali gumu anaulizwa yule mwanafunzi asiyekosa.

Kutazamwa na mwenzako ni jambo jingine, na nimelielewa kwa kukaa upande wa mtazamaji.

Mimi nafundisha Kiswahili, sekondari. Mwenzangu wa Baiolojia, Madam, aliniomba nikae kwenye kipindi chake cha Kidato cha Pili. Nikamwambia, "Madam, mimi osmosisi nitaisemea nini?" Akacheka. "Ndo maana nakuita wewe. Mwalimu wa sayansi ataangalia sayansi. Wewe niangalizie watoto."

Bila kujua, alikuwa amegusa kiini cha desturi ambayo walimu wa Japani wanayo tangu zamani. Wanaiita jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo. Walimu wanaandaa somo kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanasimama pembeni na karatasi zao wakifuatilia wanafunzi: nani kakwama, kakwama wapi, kamuuliza nani. Baadaye wanalijadili somo, hawamjadili mwalimu. Mwaka 1999, James Stigler na James Hiebert waliieleza desturi hiyo katika kitabu chao The Teaching Gap, na walimu wengi wa nje ya Japani wakaanza kuijaribu. Hapa Tanzania nasi tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayotaka walimu tukutane shuleni kwetu tujifunze wenyewe kwa wenyewe. Karatasi zipo. Kilicho kigumu ni kuinuka stafu rumu na kwenda kukaa kwenye darasa la mwenzako.

Nilikaa ubavuni karibu na dirisha, nizione nyuso. Sisi watu wa fasihi tunajua kwamba anayezungumza sana kwenye hadithi si lazima awe ndiye mhusika mkuu. Madam alifundisha vizuri. Aliandika fasili ubaoni, akachora seli, darasa likaiimba fasili kwa Kiingereza mara tatu. Hawa ni watoto ambao kwangu wanabishana kuhusu methali mpaka kengele inagonga. Hapa walikuwa kimya kama wageni msibani. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari karibu masomo yote yakawageukia Kiingereza.

Ndipo nikaliona dawati la nyuma. Binti mmoja aliinama kwa jirani yake na kunong'ona, "Kachumbari ukiitia chumvi ukaiacha, si inatoa maji? Ndo hiyo. Maji yanatoka ndani ya nyanya kufuata kwenye chumvi." Yule jirani akainua macho ubaoni, akaitazama ile seli upya, akaanza kuandika.

Na monita naye akaanza kuandika. Aliandika jina la yule binti kwenye orodha ya wapiga kelele na waongea Kiswahili, ile inayokwenda kwa mwalimu wa zamu.

Neno hili monita lina historia yake. Joseph Lancaster alifungua shule London mwaka 1798, na mwalimu mmoja akawa anasimamia mamia ya watoto kwa sababu wanafunzi waliotangulia, walioitwa monita, waliwafundisha waliofuata. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake: ulikuwa elimu ya bei rahisi kwa watoto wa maskini, iliyojaa kukariri. Lakini angalau monita alifundisha. Sisi tumebaki na jina, na kazi ya monita wetu ikawa kuandika majina ya wanaofundishana.

Tulipokaa na Madam stafu rumu sikumpa maksi. Nilimsomea nilichoandika, dakika kwa dakika. Nilipofika kwenye kachumbari aliniomba nirudie. Akanyamaza kidogo. "Kumbe somo langu limefundishwa mara mbili," alisema, "na mara ya pili ndo limeingia." Kisha akamwita monita, akachukua ile orodha, akalikata lile jina kwa kalamu nyekundu.

Wiki iliyofuata alijaribu kitu kidogo. Baada ya kila dhana mpya alitoa dakika nne: mgeukie mwenzako, mweleze kwa lugha unayoitaka, halafu turudi kwa Kiingereza. Darasa likawa kama soko. Nilirudi kutazama, na si yote niliyoyasikia yalikuwa mazuri. Kijana mmoja aliwafundisha wenzake watatu kwamba maji yanakwenda kwenye chumvi "kwa sababu yanaipenda." Walikubali wote! Lakini Madam alikuwa anapita katikati ya madawati, akalisikia kosa palepale, kabla halijaenda kulala kwenye daftari hadi siku ya mtihani. Darasa lililonyamaza lisingempa nafasi hiyo.

Pia kuna hatari ya kumgeuza yule binti kuwa mwalimu msaidizi asiye na mshahara. Kila shule ina mwanafunzi ambaye kila diskasheni ya usiku inamtegemea yeye, na hakuna anayeuliza yeye anasoma saa ngapi. Ndiyo maana Madam anabadilisha zamu: leo aliyeelezwa, kesho naye anaeleza. Jirani wa yule binti, aliyekuwa hanyooshi mkono kabisa, sasa analo dawati la kulifundisha. Anachelewa, anarudia, anakuna kichwa. Lakini anakumbuka vizuri mahali alipokwama, kwa sababu amepita hapo juzi tu. Mimi na Madam tulipita hapo miaka mingi iliyopita, na njia tumeshaisahau.

Orodha ya waongea Kiswahili haijafutwa. Wenzetu kadhaa wanaamini bila hiyo Kiingereza kitakufa, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana mtihani wa taifa wa Baiolojia utakuja kwa Kiingereza. Ila tumewaomba jambo moja: kabla ya kikao kijacho, kila mmoja akakae kwenye kipindi cha mwenzake mara moja, ubavuni, bila fomu, asikilize minong'ono. Wawili wamekubali. Na Alhamisi Madam anakuja kwangu, kipindi cha ushairi. Ameniuliza kama aje na kalamu nyekundu. Nimemwambia aje na masikio.