Kichuguu Nyuma ya Darasa

Nyuma ya darasa ninalofundisha kiko kichuguu kirefu kupita kimo cha mtu. Kwa miaka mitano nilizoea kuwapeleka wanafunzi huko, nikawaambia kwa sauti ya mtu mwenye yakini kwamba nyumba ya mchwa haibadiliki joto, mchana wala usiku: hewa ya moto hupanda ikatoka juu, na hewa baridi huingia chini. Kisha niliwasimulia habari za Harare.

Katika mji huo wa Zimbabwe lilifunguliwa, mwaka 1996, jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate. Msanifu wake, Mick Pearce, alitakiwa kulijenga pasipo mitambo ya kawaida ya kupoza hewa, ambayo ni ghali na hula umeme mwingi. Akatazama kichuguu. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; mchana wake una joto na usiku wake ni wa baridi, naye aliufanya usiku kuwa mtumishi wa mchana. Usiku mapangaboi huvuta hewa baridi na kuipitisha katika nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege. Zege ni zito, huchelewa kupata moto. Kunapopambazuka, ubaridi uliowekwa humo huwa akiba ya watu wa ofisini, na hewa iliyokwisha pata joto hupanda na kutoka kwa dohani zilizo juu ya paa.

Siku moja msichana wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyetia kipimajoto humo ndani?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu; nilikuwa nimerithi maneno tu. Nikaenda kusoma. Nikakuta kwamba mwaka 2008 Scott Turner na Rupert Soar waliandika kuwa vichuguu walivyovichunguza kusini mwa Afrika havipozi kiota. Joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, likipanda na kushuka kwa majira. Kichuguu kinafanya kazi ya mapafu: upepo unaovuma kwa kusitasita husukuma na kuvuta hewa katika vinjia vyake, ikatoka hewa nzito ya mchwa na ya kuvu wanayoilima kwa chakula.

Nilisimama mbele ya wanafunzi walewale nikayafuta yangu. Sitaficha kwamba niliona haya.

"Basi jengo la Harare ni uongo?" waliniuliza.

La, si uongo. Usiku wa Harare ni baridi kweli, na zege hutunza ubaridi kweli. Pearce alijenga vema juu ya habari ambayo haikuwa kamili. Na kichuguu bado kina la kutufunza, kwani Turner na Soar walifikiria majengo ambayo kuta zake zingepitisha hewa kama zake. Darasa letu, chini ya mabati saa nane mchana, lingeshukuru.

Yule msichana ameazima kipimajoto cha maabara, amekifunga kwenye ufito. Mpaka leo ana vipimo vya siku kumi na moja, asubuhi na jioni.